Mkwe Aliyejua Visigino Tu

Kama gazeti la wiki jana lilifungia maandazi kabla hujalisoma, nakuweka sawa kwa maneno machache.

Mimi ni Joëlle, mtoto wa Likasi, nilisoma mpaka darasa la sita na hapo nikaishia. Bwana yangu ni Musonda, Mzambia, anaziba matairi ya malori kule Chililabombwe, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Niko naye kule miaka mitano kwa karatasi ya mke. Karatasi hiyo inaning'inia kwenye shingo ya bwana. Akifa, ao akichoka nami, inaanguka, na mimi narudishwa mpakani na mabegi yangu. Tena hainiruhusu kuandika kibanda changu cha kushona kwa jina langu. Ndiyo maana nimeomba karatasi kubwa, ile ya kukaa Zambia siku zote.

Afisa wa uhamiaji alituweka kila mtu chumba chake na kutuuliza maswali. Mswaki wa bwana ni rangi gani. Nani analala upande wa ukuta. Yote tulijibu sawasawa. Mtoto Mungu hajatupa bado, kwa hiyo afisa hakuwa na sura ndogo ya kulinganisha na zetu. Kisha akaniita ofisini, uso umefungwa kama duka siku ya Jumapili. Hapo ndipo niliwaacha wiki jana, nimeshika kitasa.

Nikaingia. Musonda alikuwa amekaa pale, anaangalia viatu vyake.

"Mama," afisa aliniambia, "nimemuuliza bwana yako: mama mkwe wako anafanana namna gani? Unajua alinijibu nini?"

"Hapana."

"Alinijibu: Sijui, bwana, ninajua visigino vyake."

Nilicheka. Nilicheka mimi peke yangu.

"Ni mila, bwana afisa," nikasema. "Ni bukwe. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaangaliani. Mama akisikia sauti yake, anakimbia. Musonda anaona visigino vinapinda kona, basi."

"Mimi ni Mubemba. Mila hiyo ninaijua kuliko wewe. Lakini kila mtu mwenye ndoa ya kununua, akikwama hapa, ananiambia ni mila." Akageuza ukurasa. "Na mila hiyo ina mwisho wake. Upande wa mke wanapika, wanamwingiza mkwe, wanakula naye, haya inakwisha. Miaka mitano hamjapika. Kwa nini?"

Kweli, kwa nini?

"Leo ni Jumanne. Ijumaa, saa nne asubuhi, nitapiga simu ya video. Nataka kuona mkwe na mama mkwe kwenye sahani moja. Nisipoona, dosie hii ya maombi yako ninaifunga."

Jumatano jioni tulikuwa Likasi.

Lupango yetu, kiwanja na nyumba yake, iko Kikula, karibu na kanisa. Musonda alipobisha kwenye mlango wa bati, nilisikia kifuniko cha sufuria kikianguka. Kitenge cha kijani kikapinda kona ya jikoni. Musonda akainamisha kichwa kwa heshima.

"Nimewaona," aliniambia pole pole. "Wamenenepa kidogo."

"Nani?"

"Visigino."

Papa Hilaire alikuwa kwenye kiti chake. Papa alikuwa karani wa reli. Treni ziliacha kumsumbua zamani, lakini bado anatazama saa kila mtu akiingia.

"Karibuni," alisema. "Mumefika na dakika makumi ine ya kuchelewa."

"Tulichelewa kwa nani, papa? Hatukusema tutakuja."

"Basi njo ubaya zaidi."

Nilimwacha na Musonda, nikaenda nyuma ya jikoni. Mama Germaine alikuwa amesimama kati ya ukuta na gunia la makaa, kitenge juu ya kichwa, anapumua kama muntu aliyekimbizwa na mbwa.

"Anaisha kuenda?"

"Hapana, mama. Iko anakunywa maji. Mama, tuko na shida." Nikamweleza habari ya afisa, simu ya video, sahani moja, Ijumaa.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Ule afisa, yeye iko na mama mukwe?"

"Shijui."

"Akule kwanza na wake. Atutumie picha. Na siye tutaangalia."

"Mama, bila ile karatasi watanirudisha."

"Warudishe. Hapa hakuna kwenu?"

Nimejifunza kwamba mama ukimsukuma anakuwa ukuta, ukimngojea anakuwa mlango. Nikachukua mwiko na kukoroga sombe yake ya majani ya muhogo. Nikakoroga muda mrefu.

"Na tena," akaanza mwenyewe, "minye shikukataa. Minye niko nangojea. Miaka mitano niko nangojea."

"Unangojea nini?"

"Mbuzi. Kwetu Kasai mukwe njo anaanza. Analeta mbuzi ya mama, ya kutosha haya. Akileta, minye napika, tunakula, bintu binaisha. Sasa ile mbuzi iko wapi? Kila mara anakuya na sabuni na sukari. Sukari inalia mee?"

Nikaacha mwiko, nikaenda mbele.

"Ba Musonda," nikamwambia, "juu ya nini hukuleta mbuzi ya mama?"

Akashangaa. "Mbuzi gani? Kwetu mama mkwe ndiye anaanza. Anapika, anamwita mkwe, halafu mkwe anatoa zawadi. Mjomba wangu kila Krismasi ananiuliza: bado hawajakupikia? Anasema labda hawakupendi. Mimi namwambia, ba yama, wananipenda, wako tu pole pole."

Nikakaa chini, pale pale kwenye saruji. Miaka mitano mbuzi ilikuwa inangojea chungu, na chungu kilikuwa kinangojea mbuzi. Kila upande ulikuwa umeumia moyo na kunyamaza kwa adabu.

Papa alicheka mpaka akakohoa.

"Papa, ulijua?"

"Nilijua ya mama yako. Ya huyu shikujua."

"Na hukusema?"

"Maneno ya bukwe hayasemwi na mwanaume. Yanasemwa na dada yake. Ita Clotilde."

Hapo furaha yangu ikapungua. Tantine Clotilde ni dada mkubwa wa papa, anakaa Shituru, na tangu ndoa yetu hakukanyaga kwetu. Siku ya ndoa walimpa kiti nyuma ya nguzo.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwake na kupiga magoti mlangoni. Alikuwa anachambua maharagwe na hakuinua macho.

"Weye ni nani?"

"Ni Joëlle, tantine."

"Joëlle gani? Minye ile siku ya ndoa niliona nguzo. Bibi-arusi shikumuona."

"Tantine, nimekuya kukuomba uongoze kazi ya kumwingiza mukwe. Bila weye haiwezekani."

"Na mama yako, njo anasema vile? Kwamba bila minye haiwezekani?"

Mama hakusema. Lakini alikuwa amesema, "Clotilde akikuya tutalala saa nane ya usiku," na hiyo nayo ni namna ya kusema mtu ana uzito.

"Anasema kazi hii iko na mwenyewe," nikajibu.

Tantine akamaliza maharagwe yote. Mimi bado magoti chini. Alipomaliza akaniangalia na kusema, "Inuka, utatoboa sketi. Nani anapika kuku?"

Saa sita alikuwa kwetu, anapanga watu kama mkuu wa stesheni. Kuhusu nani aanze, alikata mara moja: "Hakuna wa kwanza. Mbuzi na sufuria bitaingia mlango wakati moja, bega kwa bega. Kasai asicheke, Mubemba asicheke."

Musonda akapanda pikipiki ya kukodi kwenda Kapolowe kutafuta mbuzi. Akarudi magharibi, mbuzi amemkumbatia dereva shingoni, wote watatu weupe kwa vumbi.

"Yeye njo alikuwa anaendesha?" papa aliuliza.

Kisha shida nyingine. Upande wa mkwe lazima uwe na mkubwa wa kusema na kuonja. Mjomba wa Musonda alipiga simu: mgongo umemshika, hawezi kuvuka mpaka. Tantine alitangaza kwamba bila mkubwa hakuna kazi, hata afisa apige simu kumi.

Ndipo papa akakumbuka jirani, ba Octave. Alikuwa fundi wa nyaya kule Koni, kwenye bwawa la umeme, na mama yake alikuwa Mubemba. Ni yeye aliyezoea kusema kwamba umeme wa Koni unampenda kila muntu isipokuwa aliyeujenga, maana sisi pale Kikula tunauona ukipita juu ya vichwa vyetu na jioni tunawasha mshumaa.

"Minye nikuwe mjomba wa Mzambia?" alisema. "Kuko kuku?"

"Kuko."

"Basi tangu lini ninyi mumeona mimi shiko Mubemba?"

Tulidhani tumepata mtu wa kukaa kimya na kula. Tulikosea.

Ijumaa, saa tatu, mikeka ilikuwa chini na sufuria zimepangwa: bukari, ndiyo ugali wetu, kuku mzima, sombe, samaki wa mto Lufira, mchicha wa lengalenga na karanga, chikanda ya viazi vya porini, na kinywaji cha munkoyo kwenye ndoo mpya. Mbuzi na sufuria ya kwanza vilikuwa vimeingia mlango pamoja. Mbuzi alijaribu kutangulia, tantine akamzuia kwa goti.

Akaanza kufunua vifuniko kimoja kimoja, kama inavyotakiwa, na kutangaza.

"Huyu ni kuku. Hivi njo mutoto yetu alifundishwa kupika. Mabawa mawili, mapaja mawili, mugongo, shingo, firigisi. Hakuna kilichopotea."

Ba Octave akainama, akahesabu. "Kichwa?"

"Kichwa unataka kuongea nacho?"

"Kwetu kichwa kinakuwapo."

"Kwenu wapi? Weye ulizaliwa hapa hapa Likasi, Panda, nyuma ya soko."

"Mama mukwe mudogo," alisema ba Octave, amekunja mikono, "upande wa mkwe unauliza kwa amani."

Kichwa kilitafutwa. Kilikuwa kwenye supu. Dakika kumi zilikwenda. Ba Octave akaonja sombe na kusema chumvi ina haya. Akaonja chikanda na kusema ameonja ngumu zaidi, lakini ilikuwa tairi. Musonda alikuwa amekaa miguu mbele, macho chini, na niliona mabega yake yanatikisika kwa kicheko.

Saa nne kasoro robo, simu ikalia.

Afisa alikuwa amewahi. Uso wake ukajaa kioo, shati jeupe, kalenda nyuma yake. Mama alikuwa bado ndani ya nyumba, kitenge juu ya kichwa.

"Habari za Likasi. Mama mkwe yuko wapi?"

"Anakuja, bwana afisa."

"Miaka mitano anakuja."

Nikageuza simu nimwonyeshe sufuria, mbuzi, ba Octave. Ba Octave akavua kofia na kumsalimu kwa Kibemba kirefu, cha mazishi ya mfalme.

"Huyu ni nani?"

"Mjomba wa mkwe," alisema ba Octave mwenyewe.

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Niliona afisa akichukua kalamu. Lakini tantine Clotilde akaninyang'anya simu na kuiweka karibu na uso wake, karibu mno, nadhani kule ng'ambo waliona pua tu.

"Weye, kijana. Uko mutoto ya nani?"

Afisa akataja jina la baba yake bila kufikiri.

"Baba yako, wakati wanamwingiza kwa mama mukwe yake, kulikuwa muntu na kalamu anamuangalia saa?"

"Hapana, mama."

"Basi weka kalamu. Bukwe haiko treni."

Papa akakohoa kwa sababu ya treni. Afisa akaweka kalamu. Akakaa wima, mikono juu ya meza, kama sisi zamani darasani.

Ndipo mama akatoka.

Alitembea kwa magoti kutoka mlangoni mpaka mkekani, kitenge kimefunika uso wote, bakuli la maji mbele. Hakuna aliyecheka tena. Mama akamnawisha Musonda mkono wa kulia. Tantine akashika ncha ya kitenge, akakivuta nyuma pole pole.

Wakaangaliana.

Mimi nilikuwa nimerudishiwa simu, lakini niliwaangalia wao. Musonda alimtazama mama kama mtu aliyefika kwenye mji aliousikia tu kwenye redio. Mama naye alimtazama, paji, macho, kidevu, bila haraka.

"Clotilde," mama alinong'ona, maana kabla ya kula bado haruhusiwi kumsemesha mwenyewe, "iko anafanana na muntu muzuri."

"Njo ulikuwa unafikiri nini?"

"Nilikuwa naona viatu tu. Viatu biko bikali."

Wakala. Tonge moja la bukari, mama akalikata, nusu kwake, nusu kwa Musonda. Sombe moja, sahani moja. Nikaleta simu karibu. Ba Octave alikuwa analia, sijui kwa sababu gani, maana alikuwa mjomba wa siku moja.

"Nimeona," alisema afisa, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nimeona vizuri. Hata mimi mnanitia njaa." Akachukua kalamu, akaandika. Kisha akachukua muhuri. Niliuona kwa macho yangu, mpini wake mwekundu, juu kidogo ya karatasi.

"Mama," alimwambia mama kwa Kibemba, na mama Kibemba anakisikia, aliuza samaki Kasumbalesa miaka mingi. "Hongera. Sasa binti yako ni wetu. Atakaa huku maisha yake yote, hakuna wa kumrudisha. Niandike kwamba mzazi anajua na anafurahi?"

Mama akaacha kutafuna.

Hapa niungame, msomaji. Mama hakujua.

Nilimwambia "karatasi", na nikamwacha afikiri ni ile ya wauza samaki, ya kupita mpaka na kurudi jioni. Sikusema uongo. Nilinyamaza tu, na kunyamaza ndiyo kazi ninayoijua kuliko kushona. Miaka mitano, kila akiniuliza narudi lini kukaa, nilijibu "karibu". Chumba changu anakifagia kila Jumamosi. Ndugu zangu wawili wako Kolwezi, hawapigi hata simu. Na mimi nilitoka kwenye kile chumba nikijua sirudi, nikamwambia karibu.

"Maisha yake yote?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana ya karatasi."

Mama akarudisha tonge kwenye sahani. Hakuniangalia mimi. Tantine akafungua mdomo, mama akamwinulia kidole, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu tantine Clotilde akaufunga.

"Mukwe," mama alisema.

Neno la kwanza. Miaka mitano, na hilo ndilo la kwanza.

"Ba mama," Musonda alijibu, mashavu bado yamejaa bukari.

"Tunaisha kukula. Sasa naweza kukuuliza, na weye huwezi kukimbia. Shimuulize afisa, yeye anafanya kazi yake. Shimuulize Joëlle, huyu ananipaka mafuta tangu aanze kusema. Nakuuliza weye. Ule mutoto, atarudia kukaa hapa Likasi siku moja, ao anaisha kuenda kabisa?"

"Mama?" ilisema simu mkononi mwangu. "Niandike nini? Nina watu wengine nje."

Mama akaichukua simu kutoka mkononi mwangu, taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kisu. Akailaza kifudifudi juu ya mkeka, afisa ndani, muhuri hewani. Akamtazama Musonda usoni, yeye aliyekuwa amemkimbia miaka mitano, na hakupepesa.

Musonda akameza. Akafuta mkono. Akaniangalia mimi, kisha akamwangalia mama, akaanza kusema. Alichosema, msomaji, ngoja gazeti la wiki ijayo.